Kabla Hujamwita Mchezaji Garasa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Hapa kijiweni jamaa wa Arsenal wananinyanyasa na Antony kila siku. Niwajibuje?" Antony ni yule winga ambaye Manchester United, timu yetu, ilimnunua kwa bei kubwa na hakuwika. Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini swali lake linastahili makala nzima. Najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi tangu nikiwa kijana: ukifungua mdomo kuzungumzia mpira, watu wanyamaze wakusikilize.

Na swali limekuja wakati wake. Jumamosi iliyotangulia, kijiweni kwetu Temeke, tuliumaliza ule mjadala wa usajili mbovu kuliko wote pale Manchester United. Kila mtu alikuja na jina lake. Mimi nilisimama na Alexis Sánchez, na hadi muuza kahawa anakusanya vikombe vyake, meza nzima ilikuwa upande wangu. Nimefurahi sana, sifichi. Sasa nikueleze nilivyofanya.

Usianze na bei. Wengi huanzia hapo: Antony euro milioni 95 kutoka Ajax, Pogba pauni milioni 89, Di María karibu pauni milioni 60, basi aliyegharimu zaidi ndiye garasa zaidi. Mjadala wa namna hiyo hauendi popote. Wewe utamtajia shabiki wa Chelsea jina la Lukaku wa pauni milioni 97.5, aliyerudishwa Inter kwa mkopo baada ya msimu mmoja. Wa Arsenal utamtajia Pépé wa milioni 72 aliyeondoka bure mwaka 2023. Watakurudishia na wao, na mtabaki mnarushiana namba mpaka mechi ianze.

Mimi nauliza swali moja tu: siku wanasaini, viongozi wa klabu waliosaini walikuwa wanajua nini?

Mchukue Bébé. Mwaka 2010 United walimtoa Vitória Guimarães kwa pauni milioni 7.4, na kocha Ferguson mwenyewe alisema hakuwahi kumwona akicheza, hata kwenye video. Huyu ni kijana aliyelelewa kwenye makao ya watoto huko Ureno, msimu uliotangulia alikuwa anacheza madaraja ya chini, na ghafla anaingizwa chumba kimoja na Rooney na Giggs. Mechi 7, mabao 2, kisha ikawa mikopo, leo Uturuki kesho Ureno. Kwa miaka mingi ukitaja jina lake kijiweni watu wanacheka kabla hujamaliza sentensi. Lakini nani alikosea hapo? Aliyeitwa akaja, au aliyelipa bila kuangalia?

Januari 2024, AFCON ya Ivory Coast, Cape Verde walikuwa wanacheza na Msumbiji. Ikatoka faulo mbali kweli na goli, umbali ambao mtu yeyote angepiga krosi tu. Bandani watu walikuwa wameshageukia stori zao. Bébé akaupanga mpira, akarudi nyuma hatua ndefu, akaupiga moja kwa moja golini. Kipa akashindwa kuuzuia, ukaingia. Banda zima likasimama. Jamaa nyuma yangu akauliza, "Huyu si yule garasa wa United?" Nikamgeukia nikamwambia ndiye, na kwamba amekuwa akila mkate wake Hispania na Rayo Vallecano kwa miaka. Hakuwa na la kuongeza.

Di María naye mwondoe kwenye orodha yako. Alikuja 2014 akitoka kushinda Ligi ya Mabingwa na Real Madrid, akapewa jezi namba 7, na mwanzoni alikuwa moto. Lile bao la kumchopea kipa wa Leicester City mnalikumbuka, ingawa mechi yenyewe tulipigwa 5-3. Baadaye kocha Van Gaal akawa anamhamisha leo winga, kesho kiungo, keshokutwa mbele kabisa. Wezi wakajaribu kuvamia nyumba yake, familia ikiwemo ndani. Akaondoka kwenda PSG baada ya msimu mmoja. Mtu huyohuyo alifunga kwenye fainali ya Copa América, kombe la mataifa ya Amerika Kusini, mwaka 2021 na akafunga tena kwenye fainali ya Kombe la Dunia 2022. Garasa hafungi fainali ya Kombe la Dunia. Siku ya kusaini walijua wanamchukua mchezaji mkubwa, na walikuwa sahihi. Wakashindwa kumtumia.

Sasa Sánchez. Hapa naandika kwa uchungu, mtanisamehe.

Januari 2018, alipotoka Arsenal kuja kwetu na ile video ya kumtambulisha akipiga piano ilipotoka, simu moja ilizunguka kijiwe kizima mkono kwa mkono, watu wanashangilia kama tumeshatwaa ubingwa. Nikasema mimi simtaki. Nikatoa sababu. Ana miaka 29. Amecheza Kombe la Dunia 2014, Copa América 2015, ile nyingine ya 2016, na Kombe la Mabara 2017, yaani kila kiangazi yuko kazini na Chile bila kupumzisha miguu. Upande wa kushoto anaoupenda tayari tuna Martial na Rashford, vijana wanaohitaji dakika. Na mshahara ulioripotiwa ulikuwa mkubwa kuliko wa mchezaji yeyote kwenye ligi, maana yake kila nyota atakayekaa mezani kuongeza mkataba ataanza kuhesabu kutokea pale.

Fundi simu mmoja, mwana United mwenzangu, akanijibu mbele za watu kwamba mimi ni Arsenal niliyejificha. Walicheka sana. Wiki kadhaa baadaye bado waliniita Arsenal nikipita. Mtu niliyelia naye usiku ule Agüero wa Manchester City anatunyang'anya ubingwa mwaka 2012! Jambo hilo lilinikaa moyoni.

Sánchez alicheza mechi 45, akafunga mabao 5, akapelekwa Inter. Mwaka 2020 akasema mwenyewe kwamba baada ya mazoezi ya kwanza tu alimuuliza wakala wake kama mkataba unaweza kuvunjwa arudi Arsenal. Kila nilichokisema kilikuwa kinaonekana siku ile ya piano. Hakikuhitaji utabiri. Ndiyo sababu kwangu usajili huu ni mbaya kuliko wa Antony, ambaye angalau kocha wake alikuwa amemfundisha Ajax na kumfahamu. Fundi simu alikuwepo Jumamosi ile. Alinyanyua mkono kuniunga mkono kana kwamba tulikuwa pamoja tangu mwanzo. Radhi hajaniomba.

Vijana wangu, mnaotaka siku moja kukaa studio mkachambue mpira, jifunzeni kumtafuta aliyesaini. Mwaka 2013 kiungo Fellaini alikuwa na kipengele kwenye mkataba wake cha kumtoa Everton kwa pauni milioni 23.5. United wakakiacha kikaisha, halafu siku ya mwisho ya dirisha wakalipa milioni 27.5. Fellaini alikosa nini hapo? Lakini aliyezomewa uwanjani ni yeye, na waliochelewa hatuwajui hata sura. Acheni kuingia kwenye kurasa za wachezaji kutukana mama zao. Mchezaji hajipangii bei, hajipangii nafasi, na hakuna binadamu atakayekataa mshahara mkubwa akiletewa. Hasira yako ipeleke kwa mwenye kalamu. Uliza walijua nini. Ukishindwa kujibu, nyamaza kwanza, kasome, urudi kesho.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Mwanza, wakija tena na Antony, usimtetee kwa namba zake, mabao 12 ndani ya mechi 96 hayateteeki. Waulize kwa nini United walikwenda Ajax mwisho wa dirisha, wakiwa wametoka kufungwa 4-0 na Brentford, na muuzaji anajua wazi wana shida. Kisha waulize kwa nini mtu huyohuyo alipofika Betis ya Hispania mwaka 2025 aliisaidia kufika fainali ya Conference League, mashindano ya klabu za Ulaya. Waache wajibu wao.

Na wakimtaja beki wetu Maguire wa pauni milioni 80, wakumbushe robo fainali ya Europa League na Lyon, Aprili 2025, Old Trafford, muda wa nyongeza unakwisha, 4-4. Kichwa cha nani kilifanya 5-4?