Jina la Bibi lilikuwa na kh

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Halifax, Kanada, zamu za usiku. Anayeijua kazi hii anajua kwamba wazee usiku hawalali. Ukishagawa dawa na kuwageuza wa kugeuzwa, kinachobaki ni soga. Mmoja wao alikuwa na miaka 91 nilipoanza kumhudumia, na jina la ukoo wake ni Whynot. Kwa Kiingereza linasikika kama mtu anayeuliza "kwa nini isiwe?", na amechekwa nalo tangu shule hadi benki. Siku ya harusi yake mchungaji alipolitamka, kanisa zima liliangua kicheko.

Nilimzoea nikawa namwita Bibi. Akauliza maana yake, akapenda, likabaki hivyo. Usiku mmoja akaniambia, "Wewe na simu yako hamuachani. Hebu nitafutie jina hili limetoka wapi, kabla sijaondoka."

Nikadhani ni kazi ya wiki. Imenichukua mwaka na nusu, tena kwa makosa ambayo wewe huna sababu ya kuyarudia. Najua wengi mnaonisoma mko ughaibuni, mnalea wazee kama mimi au mmeolewa kwenye koo zenye majina ya ajabu ajabu. Iko siku mtaombwa kama nilivyoombwa.

Bibi alikuwa na hadithi yake tayari. Babu yao wa kwanza aliposhuka melini, karani wa Kiingereza alishindwa kuliandika jina lake, akamuuliza kama anakubali libadilishwe. Babu, kwa Kiingereza chake cha siku mbili, akajibu "kwa nini isiwe?", na karani akaandika jibu badala ya jina. Nilicheka hadi nesi mkuu akachungulia mlangoni. Ni hadithi nzuri, na nakushauri uiandike neno kwa neno kama ulivyoambiwa, uiweke bahasha yake peke yake, halafu uendelee na kazi kana kwamba hukuisikia. Huko North Carolina, Marekani, kuna kitongoji kinachoitwa Whynot, na wenyeji wake wana hadithi inayofanana na hii: walibishana kuhusu jina la mahali mpaka mmoja akachoka, akasema kwa nini tusiliite hivyo twende zetu nyumbani. Kitongoji hicho nacho kilinipotezea wikendi nzima, kwa sababu niliamini mahali penye jina ndipo ukoo ulipotoka.

Ukoo wa Bibi ni wa Lunenburg, mji wa wavuvi kama kilomita 100 kusini magharibi mwa Halifax. Kati ya 1750 na 1752 serikali ya Uingereza ilitaka Waprotestanti wa kuijaza Nova Scotia, jimbo letu hili, kwa sababu haikuwaamini Wakatoliki wa Kifaransa waliokuwapo. Wakala wake, John Dick, aliwakusanya watu bandarini Rotterdam: wakulima na mafundi wa kusini magharibi mwa Ujerumani, Waswisi, na wengine kutoka Montbéliard. Wengi hawakuwa na nauli, wakailipa kwa kufanya kazi za serikali hapa Halifax. Juni 1753 watu 1,453 wakapelekwa kwa meli kuanzisha Lunenburg, mji uliopewa jina la ukoo wa Mfalme George wa Pili, aliyekuwa pia mtawala wa Braunschweig-Lüneburg. Ardhi yenyewe ilikuwa ya watu wa Mi'kmaq, na katika karatasi zote nilizopitia sijaona mahali walipoulizwa.

Sasa jina. Kwenye karatasi za mwanzo haliandikwi Whynot. Linaandikwa Weynacht, Weinacht, Weihnacht. Wajerumani wa leo wakisema Weihnachten wana maana ya Krismasi, na asili yake ni maneno ya Kijerumani cha kale, yaani "katika usiku zile takatifu", kwa wingi. Mtu alipewa jina hilo kwa kuzaliwa siku hizo, au kwa sababu kodi ya shamba lake ilidaiwa Krismasi. Kwetu hili halihitaji profesa. Nina binamu Noeli, nina jirani Sikukuu, na kina Ramadhani na Juma siwezi kuwahesabu. Tofauti ni kwamba Juma wetu akizaa, mtoto atakuwa fulani wa Juma, na kwa wajukuu Juma huyo anaanza kusahaulika. Kwao Krismasi ya mtu mmoja iliganda, ikawashika hata waliozaliwa Julai.

Usiku niliomweleza Bibi hayo, nilimwambia kwanza alitamke jina lake la zamani. Hakuweza. W ya Kijerumani inatamkwa v, na ile ch ya mwisho ni kh, kh ya kheri na Khamisi. Mimi mtu wa Tanga kh hainisumbui. Vainakht, nikamwambia. Akajaribu: Vainak. Vainat. Akanyamaza, akanitazama, na hapo hapo akaona mwenyewe kilichotokea. Mwingereza hana kh, kwa hiyo sikio lake liliiruka, likabaki na t. W aliisoma kwa kinywa chake mwenyewe. Ukiunganisha hayo mawili unapata Wainat, na anayejua Kiingereza akisikia Wainat ataandika maneno anayoyajua.

Hakuna aliyeketi akaamua kubadilisha jina. Ni kama sisi na Mjerumani huyo huyo: alisema Schule tukasikia shule, akaleta sarafu yake ya Heller ikawa hela, na leo mtoto anayeomba hela ya shule hajui kwamba ametaja maneno mawili ya Kijerumani kwa pumzi moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa jina lolote lenye asili ya Kijerumani: kabla hujaligusa sanduku la kutafutia mtandaoni, litamke kwa sauti, mara nyingi, kwa midomo tofauti. Mwombe Mjerumani alitamke ukimpata. Kisha jaza karatasi kwa kila namna mtu asiyejua lugha hiyo angeweza kuliandika. Karatasi yangu ina Weynacht, Weinacht, Weihnacht, Whynacht, Wynacht, Wynot, Whynott, Whynaught. Usijiulize lipi ndilo sahihi. Sensa ya Kanada ya 1931, iliyofunguliwa kwa umma 2023, Bibi hayumo kwa kuwa alikuwa hajazaliwa, lakini baba yake yumo na baba yake mdogo yumo. Ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja, nyumba jirani, na majina yameandikwa tofauti na karani mmoja kwa kalamu moja.

Na koo nyingine za huko zilipitia hayo hayo. Rehfuss, mguu wa mnyama paa, ikawa Rafuse. Eisenhauer ilibaki kwa wengine, kwa wengine ikawa Eisnor, na huko Pennsylvania jina hilo hilo likawa Eisenhower, la rais.

Lakini sikio nalo linadanganya, na hapa ndipo nilipopoteza miezi mitatu. Kaunti hiyo hiyo ya Lunenburg imejaa watu wanaoitwa Veinot. Nilipoliona nilishangilia: v ya Kijerumani ile pale, imebaki! Nikawakusanya wote, nikachora mti mkubwa wa ukoo, nikampelekea Bibi akaubandika ukutani juu ya kitanda. Kumbe Veinot ni ukoo mwingine kabisa. Hao walitoka Montbéliard, Walutheri waliosema Kifaransa, wakati huo wakiwa chini ya watawala wa Kijerumani wa Württemberg, na jina lao ni la Kifaransa. Ilibidi niingie chumbani na kubandua ule mti mbele yake. Ilikuwa saa tisa usiku. Alinisaidia kwa kushika kona moja, hakusema neno.

Tangu siku hiyo nina sheria moja, na sijaivunja: sauti inanipa orodha ya kutafuta, haiunganishi watu. Watu wanaunganishwa na karatasi inayotaja mtoto na mzazi wake pamoja.

Na karatasi za Nova Scotia zina shimo ambalo hakuna aliyeniambia mapema. Usajili wa vizazi na vifo wa serikali ulianza 1864, ukasimama 1877, ukarudi Oktoba 1908. Ndoa ziliendelea kuandikwa. Zote hizi zimeskaniwa na hifadhi ya nyaraka ya jimbo, unasoma bure. Baba yake Bibi alizaliwa 1901, katikati ya shimo, nami nilihangaika nikidhani nimekosea mwaka. Kama mtu wako ameangukia humo, tafuta usajili uliocheleweshwa. Wengi walikwenda kujiandikisha uzeeni, walipotakiwa kuthibitisha umri ili wapate pensheni. Karatasi yake niliipata humo, na shangazi yake ameweka sahihi kama shahidi. Mtu anayepitia sensa peke yake asingemjua shangazi huyo.

Ukirudi nyuma zaidi ya hapo, ingia makanisani, na usifuate dhehebu la familia kwa ukaidi. Bibi ni Mlutheri wa kutoka tumboni, basi nikawa nawatafuta wazee wake kwa Walutheri tu. Kanisa la kwanza la Lunenburg lilikuwa la Waanglikana, kwa kuwa ndilo la serikali, na mchungaji wake wa kwanza, Jean-Baptiste Moreau, alikuwa Mfaransa aliyewahi kuwa Mkatoliki. Walutheri walisubiri mchungaji wao hadi 1772. Miaka yote hiyo watoto walizaliwa na walibatizwa. Hebu fikiria: Mfaransa, kwenye kitabu cha Waingereza, anaandika jina la Kijerumani analotamkiwa na mama aliyejifungua juzi. Ukilikuta limeandikwa vizuri, shuku.

Upande wa Ujerumani wenyewe nitapita haraka, kwa sababu bado niko njiani. Vitabu vya makanisa ya Kiprotestanti vingi vimeskaniwa, ila unalipia kwa muda, kwa hiyo usilipe mpaka uwe na jina la kijiji mkononi. Mwandiko wao wa kale utakutoa machozi. Nilijifunza herufi tano tano kwa wiki, kama mtoto wa madrasa. Wanawake huongezewa -in mwishoni mwa ukoo, hivyo Weynachtin si ukoo mpya, ni mke au binti. Na wanaume karibu wote ni Johann. Ndugu wanne wanaweza wote kuwa Johann, lakini nyumbani wanaitwa kwa jina la pili, Georg, Philipp, Peter. Ukitafuta Johann peke yake ni sawa na kuuliza Mohamedi sokoni Tanga.

Kuna wauza ngao za ukoo pia, yaani nembo za familia. Mmoja alinitumia barua pepe kwamba jina la Bibi ni Wein, mvinyo, na acht, nane, na kwamba ngao yao ina mapipa manane, kwa bei nafuu nikiagiza na fremu. Ngao walipewa watu na familia maalumu, haikugawiwa kwa kila anayeitwa hivyo, na wakulima waliokosa nauli Rotterdam sioni walipoitoa. Kipimo cha vinasaba nacho mjukuu wake alikuwa ameshakilipia. Kikajibu: Ulaya ya kaskazini magharibi. Hilo tulikuwa tumeshaliona kwa macho.

Kuhusu jina liko wapi leo, usikimbilie ramani za vitabu vya simu vya Ujerumani. Zinakuonyesha waliobaki, na watu wako waliondoka. Hapa Kanada tawi hili limejazana Lunenburg na kaunti jirani ya Queens, hata kuna kijiji karibu na Bridgewater kinaitwa Whynotts Settlement. Kutoka huko linakwenda Halifax, kisha Massachusetts, kwa sababu vijana wa pwani hii walizoea kufuata samaki na ajira za Boston. Ukiona mwenye jina hili Boston, muulize kwanza bibi yake alikuwa wa wapi kabla hujampeleka Ujerumani.

Mti wa sasa tumeuchora upya, mdogo kuliko ule wa kwanza. Unafika kwa Johann mmoja aliyepewa kiwanja Lunenburg, basi. Juu yake kuna Johann wawili wa vijiji viwili, umri ule ule, na mmoja tu ndiye. Nimeandikia makanisa yote mawili. Bibi amekataa niandike lolote hapo kwa kalamu ya wino. Ameweka penseli kwenye droo ya kando ya kitanda, na kila nikiingia zamu ananiuliza kama Wajerumani wamejibu, kisha anajaribu tena ile kh.

Juzi karibu aipate.