Maswali ya Wasomaji: Detour iliyosafishwa, na zile gari zinazopita kushoto

SWALI: Shikamoo mzee wa filamu. Nimeitazama Detour, ile noir (filamu ya uhalifu yenye giza na huzuni) ya 1945, ya bure kwenye intaneti, picha imepauka kama kanga iliyofuliwa mwaka mzima na sauti inakwaruza. Sasa nasikia kuna Blu-ray iliyosafishwa, bei yake imechangamka. Kweli kuna tofauti au wanatukamua tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Tofauti ipo na ni kubwa mno. Hii muvi ilitoka PRC, studio ya hela ndogo kabisa pale Hollywood, na hakimiliki yake haikuhuishwa, kwa hiyo kila mwenye mashine akajitolea kopi, nyingi zimetokana na zile za milimita 16 za kurushia kwenye TV, kopi ya kopi ya kopi, kila ikinakiliwa weusi unazidi kuziba na sura za watu zinabaki madoa meupe. Mwaka 2018 Academy Film Archive na The Film Foundation, taasisi za kuhifadhi filamu za Marekani, wakaisafisha upya kwa 4K, yaani picha yenye ubora wa juu sana. Kopi nzuri ilipatikana Ubelgiji, kwenye hifadhi ya filamu ya Brussels, ila ilikuwa na sabtaito za Kifaransa na Kiflemi zimechomwa humohumo kwenye picha, mafundi wakakaa wakazifuta kwa kompyuta. Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za zamani kwenye disiki, wakaitoa Blu-ray 2019.

Nenda kwenye ile sehemu Al, yule mpiga piano, na mpenzi wake Sue wanatembea usiku New York kwenye ukungu. Ulmer, mwongozaji, hakuwa na hela ya kujenga mtaa wa New York, akajaza ukungu akaweka na vibao vya majina ya mitaa, basi. Kwenye kopi ya bure unaona weupe tu, unadhani mtambo umeharibika, kwenye iliyosafishwa unaona ukungu una kina, watu wanatembea ndani yake, na hapo ndo unaelewa hawa wawili hawana pa kwenda. Halafu mtazame Ann Savage kama Vera, yule mwanamke Al anayempa lifti njiani, pale anapolala kwenye gari halafu ghafla anamgeukia Al na kumuuliza maiti ya mwenye gari kaificha wapi, yale macho bwana! Mimi kwa macho yale peke yake nasema nunua.

SWALI: Mbona Al anapoomba lifti gari zinapita kushoto na anapandia upande wa dereva? Marekani si wanaendesha kulia? Wamekosea kusafisha? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Jicho lako zuri sana, na sisi tunaoendesha kushoto ndo rahisi kupitwa na hilo maana tunaona kawaida. Hawajakosea. Al anatoka New York kwenda Los Angeles, yaani mashariki kwenda magharibi, na kwenye ramani magharibi iko kushoto, kwa hiyo baadhi ya shoti za barabarani ziligeuzwa kulia-kushoto mwaka uleule wa 1945 ili safari yote ielekee upande mmoja machoni. Usukani nao ukahama! Waliosafisha wangeweza kuzigeuza zirudi sawa, lakini ingekuwa ni kumsahihisha Ulmer, na kazi ya kusafisha ni kutoa uchafu, mikwaruzo na sabtaito za watu wengine, uamuzi wa mwenye filamu unauacha. Naunga mkono asilimia mia.

SWALI: Nimenunua disiki, bado naona chenga ndogondogo zinacheza kwenye picha, halafu pembeni kuna weusi pande zote mbili. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana, hujauziwa feki. Hizo chenga ni punje za filamu yenyewe, ndo picha ilivyoumbwa, ukiziondoa sura zinakuwa kama za plastiki. Ingia kwenye seti za TV, zima kupunguza chenga na zima pia kulainisha mwendo, hivyo viwili vinaharibu muvi za zamani kuliko vumbi. Weusi wa pembeni ni sawa kabisa, wakati ule picha ilikuwa karibu mraba, 1.37 kwa 1, usiivute ijae kioo, utawanenepesha watu bure.

SWALI: Nikiagiza Marekani itacheza huku? Fundi kaniambia deki yangu ni multi. (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Hapo kuwa makini kabla hujatuma hela. Blu-ray zimegawanywa kwa kanda, Marekani ni ukanda A, sisi Afrika tuko B pamoja na Ulaya, na disiki ya Criterion ya Marekani imefungwa A. Deki nyingi zinazoitwa multi, yaani za kucheza disiki za kanda zote, ni multi kwa DVD tu, ukiweka Blu-ray ya A inakataa, kwa hiyo muulize fundi kwa Blu-ray hasa, na akujaribishie mbele yako na disiki ya Marekani. PS4 nayo isikudanganye, gemu inacheza za popote ila Blu-ray inafuata ukanda ilikotoka mashine. Kama deki itakataa usiitupe hela, tafuta toleo la Ulaya au deki iliyofunguliwa kweli kwa kanda zote, na muvi yenyewe haifiki hata dakika 70 kwa hiyo ukiazima deki ya jirani jioni moja inatosha.