Sifa ya Mercedes-Benz: ilijengwa wapi, ilipungua lini, na ni gari lipi bado linaibeba

Swali lililoletwa hapa ni fupi: je, Mercedes-Benz bado ni gari la kuaminika kama wazee wanavyosema, au siku hizi watu wananunua nyota iliyo juu ya boneti tu? Mwulizaji ameeleza kwamba ana akiba ya kununua gari moja lililotumika, kwamba rafiki yake anamshawishi achukue Benzi ya miaka ya karibuni, na kwamba fundi wake amemkataza akidai Wajerumani waliacha kutengeneza magari ya kweli tangu zamani. Nimemiliki 240D ya mwaka 1982 kwa miaka kumi na tisa hapa Arusha, na sehemu kubwa ya matengenezo yake nimeyafanya kwa mikono yangu. Baada yake nikachukua 250D ya umbo la W124 (namba ya kiwanda ya kutambulisha toleo la gari), ambayo ninayo hadi leo. Ninajibu kwa kirefu kwa sababu rafiki na fundi wanalitaja jina moja, ilhali kila mmoja ana gari tofauti kichwani.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliifahamu Benzi kwanza kama gari la mkubwa. Baada ya uhuru ndiyo iliyowabeba mawaziri na wakurugenzi, na lugha yetu ikawatungia watu wa tabaka hilo jina la Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya lililohamia mjini. Jina hilo lilikuwa na uchungu ndani yake, na kwa Tanzania uchungu huo ulieleweka vizuri zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililowawekea viongozi miiko ya kujilimbikizia mali. Ndiyo maana hadi leo ukitaja Benzi mbele ya watu, wengi wanawaza fedha na cheo kabla hawajawaza injini. Ujerumani kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Huko gari hilohilo, likiwa na injini ya dizeli na rangi ya pembe za ndovu, ndilo lililokuwa likisubiri abiria nje ya stesheni ya treni, na mwenye teksi hupiga hesabu ya kilomita, ya mafuta na ya siku ambazo gari litalala gereji. Sifa ninayoizungumzia mimi ni hiyo ya dereva wa teksi. Ile ya mkubwa aliyeketi nyuma ilikuja kwa kuiegemea hiyo.

Mwanzo wake una funzo ambalo watu hulipita haraka. Carl Benz alisajili hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari 1886 mjini Mannheim, lakini kusajili chombo ni jambo moja na kukiingiza barabarani ni jingine. Aliyekiingiza barabarani ni mkewe, Bertha, ambaye mahari aliyotoka nayo kwao ndiyo iliyokuwa imeiokoa kazi ya mumewe tangu awali. Mnamo Agosti 1888 alilichukua gari hilo bila kumweleza mume wake, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, wakasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari inayozidi kilomita 100 kwa upande mmoja. Mafuta yalipokwisha aliingia katika duka la dawa mjini Wiesloch akanunua kiyeyusho cha kuondolea madoa, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kinawaka katika injini ile. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki za mbao zilipolika alimwomba fundi viatu azipigie ngozi, na kwenye milima vijana walishuka wakasukuma. Aliporudi alieleza yote yaliyomkuta, na Benz akaliongezea gari gia ya kupandia mlima. Kila ninapoisoma habari hiyo naiona kama siku ya kwanza ya ufundi wa magari duniani: chombo kimepelekwa njiani, kimeonyesha udhaifu wake, na aliyekitengeneza amesikiliza.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walikuwa wakifanya kazi ya namna hiyohiyo huko Cannstatt, karibu na Stuttgart, bila ushirika wowote na Benz. Jina la Mercedes lilikuwa la binti wa Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler kwa matajiri wa Nice na ambaye hakuchoka kudai gari lenye nguvu zaidi na lililo chini zaidi. Gari alilolipata mwaka 1901 ndilo lililoachana kabisa na umbo la mkokoteni wa farasi. Nyota ya ncha tatu ilisajiliwa mwaka 1909, ikimaanisha nchi kavu, maji na anga, na kampuni mbili zikaungana mwaka 1926 kuwa Daimler-Benz. Miaka kumi baadaye, 1936, wakatoa 260 D, gari dogo la dizeli lililotengenezwa kwa wingi wakati ambapo dizeli ilifikiriwa kuwa ya malori na meli, na madereva wa teksi wakalichukua mapema.

Ukurasa wa vita haufai kurukwa, ingawa mashabiki wengi huuruka. Magari makubwa ya 770 yaliwabeba viongozi wa utawala wa Hitler, na viwanda vikatengeneza injini za ndege na zana za kijeshi. Kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi zaidi ya 60,000 wa kampuni hiyo walikuwa watu waliolazimishwa: raia waliotekwa kutoka nchi zilizovamiwa, mateka wa vita na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe ilikuja kukiri hayo na kufungua kumbukumbu zake kwa watafiti, lakini ilichukua miongo minne. Nalipenda gari langu kwa moyo wangu wote, na sioni kwamba mapenzi hayo yananiruhusu kunyamazia jambo hili.

Sifa ya kiufundi tunayoijua leo iliota mizizi katika miaka ya 1950 hadi 1980. Mhandisi Béla Barényi alipata hataza ya wazo ambalo wakati ule lilionekana kinyume cha akili, kwamba mbele na nyuma ya gari panapaswa kubonyea vikigongwa ili chumba cha abiria kibaki imara, na wazo hilo likaingia katika magari yaliyouzwa kuanzia 1959. Breki za ABS, zinazozuia magurudumu yasigande unapofunga breki ghafla, zilianza katika S-Class, gari lao kubwa la kifahari, mwaka 1978 kwa ushirikiano na Bosch. Na kwetu sisi upo ushahidi wa nyumbani kabisa: mbio za Safari, zilizokuwa zikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika kwa tope na vumbi, Mercedes ilizishinda miaka mitatu mfululizo. Bill Fritschy alishinda kwa 219 mwaka 1959 na 1960, na John Manussis akashinda kwa 220 SE mwaka 1961. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alimaliza wa pili kwa 450 SLC, gari zito la milango miwili ambalo ungedhani ni la kwendea harusini. Wazee waliosimama kando ya barabara zile hawakuhitaji tangazo la biashara.

Sasa nifike kwenye gari lenyewe. W123, umbo la ile 240D yangu, lilitengenezwa kuanzia 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, na yalitoka karibu milioni 2.7. Langu lilikuwa na injini ya dizeli ya silinda nne isiyokuwa na haraka hata kidogo: ukipanda mlima na abiria wanne, mabasi yatakupita. Asubuhi unageuza ufunguo, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, unasubiri plagi zipate moto, taa inazima, ndipo unapiga stata na injini inaanza kugonga kwa ule mlio wake wa kinu cha kusaga mahindi. Taimingi inaendeshwa na cheni ya chuma, kwa hiyo hakuna mkanda wa kukatika. Vali zinarekebishwa kwa spana za namba 14 na kipimo cha bati, kazi ya asubuhi moja chini ya mwembe, nami nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Tukio moja lilinifundisha kuhusu gari hili kuliko vitabu vyote. Siku moja lilitoka gereji fulani ya mjini nilikokuwa nimelipeleka kufanyiwa kazi nyingine. Nikafika nyumbani, nikazima ufunguo, nikauchomoa, na injini ikaendelea kunguruma kana kwamba sijafanya lolote. Dizeli ile haihitaji umeme ili iendelee kuwaka. Huzimwa kwa ombwe la hewa linalopita katika mpira mwembamba kutoka kwenye kitasa cha ufunguo hadi kwenye pampu ya dizeli, na mtu aliyekuwa akifanya kazi chini ya dashibodi aliuchomoa mpira huo bila kuurudisha. Nilifungua boneti. Pale juu ya injini, mahali ambapo mkono unafika bila kuinama, palikuwa na kijiti chekundu kilichoandikwa STOP. Nikakibonyeza, injini ikanyamaza. Kuna mhandisi aliyekaa mezani kwake Stuttgart akawaza kwamba ipo siku mpira ule utachomoka, mahali asipopajua, mbele ya mtu asiyemfahamu, akamwekea mtu huyo kijiti. Nikiulizwa ubora wa Benzi ya zamani ulikuwa nini, hujibu hivyo. Ngozi ya viti na mlio wa mlango ukifungwa ni vitu vizuri, lakini vilifuata baada ya fikra hiyo.

W124 lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1984 lilikuwa na fikra ileile pamoja na elimu zaidi ya upepo na wepesi. Lina waipa moja tu, ambayo huingia na kutoka inapozunguka ili ifike kwenye pembe za kioo ambazo waipa ya kawaida ya namna hiyo ingeziacha. Kwa maoni yangu ndilo gari bora kuliko yote waliyowahi kutengeneza, nikipima kwa kazi na maisha marefu. Halafu mambo yakabadilika. Toyota walitoa Lexus LS 400 mwaka 1989, tulivu na ya bei nafuu kuliko S-Class, na Wajerumani wakashtuka. Kabla ya hapo wahandisi walikuwa wakitengeneza gari wanaloridhika nalo kisha bei ikapangwa, ilhali sasa bei ilipangwa kwanza na gari likatakiwa lienee ndani yake. Matokeo yanajulikana na kila fundi wa magari haya: nyaya za injini za miaka ya mwanzo ya 1990 ambazo ganda lake hukauka na kupukutika, kutu kwenye milango na matao ya magurudumu ya E-Class ya W210, na A-Class iliyopinduka mwaka 1997 ilipojaribiwa na waandishi wa gazeti moja la magari la Sweden katika jaribio la kumkwepa paa mkubwa wa huko. Kwa hilo la mwisho kampuni ilijirekebisha vizuri: ilisimamisha uuzaji kwa muda, ikafunga mfumo wa ESP, unaozuia gari kuteleza na kupoteza mwelekeo, kwa kila A-Class, na teknolojia iliyokuwa ya magari ya gharama ikaanza kushuka kwa magari madogo. Muungano na Chrysler wa mwaka 1998 ulikula fedha na akili za uongozi hadi ulipovunjwa mwaka 2007. Mwaka 2005 magari milioni 1.3 yaliitwa kurudi kwa matengenezo ya umeme na breki, na mwaka 2019 kampuni ikatozwa faini ya euro milioni 870 nchini kwao kwa uzembe kuhusu moshi wa magari ya dizeli.

Kwa hiyo fundi wako ana haki kwa kipindi fulani, hasa magari ya katikati ya miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, lakini anakosea anapoyajumuisha yote yaliyofuata. Magari ya baada ya hapo yalirudisha ubora wa bodi na kutu ikapungua sana. Ugumu wake upo kwingine. Yameundwa kwa ajili ya mtu aliye karibu na kompyuta ya kusomea hitilafu, mafuta safi na fundi aliyesomea mfumo husika. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi unaweza kuvipata hivyo vyote kwa gharama, na kama uko Kenya sheria ya kutoingiza gari lililozidi miaka minane haikuachii chaguo kubwa. Ukiishi mbali na miji hiyo, springi za hewa zikilala njiani utasubiri spea kwa wiki kadhaa.

Ushauri wangu ni huu. Kama unahitaji gari la kazi ya kila siku na huna gari la pili, usichukue Benzi ya miaka ya karibuni iliyochoka kwa kuwa bei yake imeshuka, kwa sababu bei ya gari imeshuka lakini bei ya spea haikushuka. Tafuta W124 ya dizeli ambayo mwenyewe ameitunza, au C-Class ya springi za kawaida yenye kumbukumbu za huduma. Nenda kuikagua alfajiri, umwombe mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti kuhakikisha ni baridi, kisha mwambie awashe huku wewe umesimama nyuma ukiangalia moshi: mweupe wa sekunde chache ni jambo la kawaida, wa bluu usiokoma maana yake injini inakula oili. Inua mazulia uguse sakafu kutafuta unyevu. Pekua chini ya mipira ya milango, kwa maana kutu huanzia humo. Na ikiwa ni W123, kabla hujatoa hela, fungua boneti ukiangalie kijiti chekundu, ukibonyeze, na uone kama injini inazima.