Kunasa tetemeko la Uturuki ukiwa Fort Portal

Ndugu umeuliza kama kifaa cha kujitengenezea kinashika tetemeko la mbali au ni malori tu. Kinashika. Changu kiko stoo hapa Fort Portal, magharibi mwa Uganda, ila mwezi wa kwanza nilikuwa napata "tetemeko" kila siku jioni, kumbe mashine ya jirani ya kusaga posho.

Nilianza vibaya, nikaning'iniza uzito wima kama pendulo ya saa. Hiyo inacheza haraka mno, na mawimbi yaliyotoka mbali ni ya polepole, moja linaweza kuchukua hata sekunde 20. Unachotaka kicheze kama geti: fimbo ya chuma sentimita 80, ncha moja umeichonga inaegemea nguzo, nyingine imebeba kilo 5 (mimi nilitumia jiwe la mzani) na waya unaishikilia kutoka juu ya nguzo. Halafu unainamisha nguzo mbele kidogo sana kwa boliti ya chini, kisha unairudisha kuelekea wima robo mzunguko, unasukuma fimbo, unahesabu sekunde, unarudia. Ukizidisha wima, fimbo inalala upande mmoja hairudi. Nilifika sekunde 15 kwenda na kurudi baada ya jioni nzima na matusi juu.

Kwenye ncha yenye uzito weka koili inayocheza ndani ya sumaku ya spika mbovu, pia bapa la shaba lipite katikati ya sumaku zingine, bila hilo fimbo inabembea tu hata ardhi ikishatulia. Amplifaya ya kukuza umeme mdogo wa koili, Arduino (bodi ndogo ya kusoma umeme huo) na laptop ya kuchora mstari ndio sehemu rahisi.

Kitakachokutesa ni hewa. Chini ya bati usiku baridi ikishuka hewa inazunguka na mstari unapinda kama nyoka, kwa hiyo funika yote na sanduku la mbao, ziba nyufa. Na buibui, usiniulize.

Wazee huku wanakumbuka tetemeko la Toro, eneo letu hili, la 1966, lakini la karibu hivyo litadondosha fimbo tu. Raha ni ya mbali. Tarehe 6 Februari 2023 Uturuki walipigwa na la ukubwa wa 7.8 saa kumi na dakika 17 alfajiri, saa zao na zetu ni moja, mimi nimelala. Nilipoamka nikakuta mstari ulianza kutetema dakika 7 baadaye, kilomita kama 4,100 hizo, kisha wimbi la pili dakika 5 na ushee mbele, halafu yale makubwa ya juu ya ardhi yakajaza skrini. Mchana likaja la 7.5, niko na sahani ya matoke mkononi, nikaliona linajichora mbele yangu na stoo yote imetulia, hata kikombe hakikugonga.