Kikundi chetu hakijasajiliwa: je, tunaweza kumshtaki mdaiwa?

Dada, pole. Mweka hazina kukimbia na akiba za akina mama inauma sana. Ila msifungue kesi kwa jina la kikundi: kisheria hakina nafsi yake, yaani kisiposajiliwa hakihesabiwi kama mtu anayeweza kushtaki, wakili wa upande wa pili ataomba itupwe, na mara nyingi hufanikiwa. Kwa hapa Tanzania njia ipo: Amri ya 1, Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33. Wawili watatu kati yenu wanaomba kwanza kibali cha mahakama kushtaki kwa niaba ya wote, kisha wanachama wote wanapewa taarifa, hata kwa tangazo. Kibali kitangulie kesi, nakusihi. Muhtasari wa kikao cha kikundi wenye saini, majina ya wanachama na daftari la michango viandaeni leo.