Punda ameota vinundu: maswali yenu na majibu

Wengi mliotuma picha mwezi huu mlituma kinundu kikiwa kimekwisha kukatwa, kuchomwa au kupakwa oili chafu. Nawaomba sana, picha itangulie wembe.

Shikamoo daktari. Punda wangu aliota kitu kama chunjua kando ya jicho. Nilikifunga uzi kikaanguka, sasa kimerudi kikubwa zaidi na kinatoka damu. Nimekosea wapi? (Lamu)

Marahaba. Kwa maelezo yako ninashuku sakoidi, uvimbe wa ngozi unaowapata farasi, punda na nyumbu (yule mzao wa punda na farasi) kuliko uvimbe mwingine wowote. Unahusishwa na kirusi kilekile kinachowapa ng'ombe chunjua, na inzi wanashukiwa kukibeba. Hauendi kwenye maini wala mapafu, lakini ni mkorofi: ukiuchokoza bila kuumaliza, hurudi kwa hasira. Uzi wako uliondoa kichwa, mizizi ikabaki.

Hata hivyo upo ugonjwa mwingine unaofanana nao hata sisi madaktari tukababaika, nao ni donda la viluwiluwi vya minyoo wanaoletwa na inzi. Inzi hutua penye unyevu, yaani kwenye pembe ya jicho, kidonda au uume, na kuacha viluwiluwi hapo. Donda halifungi, linawasha mpaka mnyama anajisugua ukutani, na ndani yake mara nyingi utakuta chembe ngumu za njano kama chenga za mchele. Hilo hutibiwa kwa ivamektini, dawa ya minyoo, kwa kipimo kinacholingana na uzito wake, pamoja na kuzoa kinyesi na kuzuia inzi. Sakoidi haiponi kwa ivamektini.

Kwa hiyo usirudie uzi, wala usijaribu maji ya betri. Nimeona jicho likipotea kwa maji ya betri, na kinundu kikabaki palepale. Daktari anaweza kukata kwa upana, kugandisha au kutumia leza. Kwa farasi, sakoidi ya karibu na jicho huweza kudungwa chanjo ya BCG, ndiyo, ileile ya watoto wachanga, ila huweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo si ya kujaribia nyumbani. Ninyi wa Lamu mna kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary, shirika la hisani la kutunza punda, iliyoanza 1987. Mpeleke, na uwaambie habari ya uzi bila kuona haya.

Farasi wetu mweupe ana miaka 17. Chini ya mkia ana vinundu vyeusi, vigumu, haviumi. Tuviache? (Nairobi)

Huyo farasi, nadhani, alizaliwa mweusi au wa kahawia, akawa anafifia mwaka hadi mwaka. Farasi wa namna hiyo hupata melanoma, uvimbe wa seli za rangi ya ngozi, sana: wakipita miaka 15, takriban 8 kati ya 10 wanazo. Mahali pake ni hapohapo chini ya mkia, na pengine midomoni au chini ya sikio. Nyingi hukua polepole kwa miaka, ila baadhi hugeuka na kusambaa ndani.

Sikubaliani na ule usemi wa zamani wa "usiziguse kabisa". Kinundu cha ukubwa wa punje ya mahindi hutolewa kwa urahisi. Kikifika ukubwa wa limau kando ya njia ya haja, mnyama atashindwa kutoa kinyesi na daktari atakuwa na kazi ngumu. Vipime kwa rula kila mwezi, uandike. Kikianza kukua haraka au kupasuka, usingoje mwezi uishe.

Farasi wetu jana alikuwa mzima, leo asubuhi amejaa vivimbe shingoni na ubavuni. (Arusha)

Bonyeza kimoja kwa kidole. Kikibonyea na kubaki na shimo, huo ni mzio: wadudu, chakula kipya, sindano, au dawa uliyompulizia. Mwondolee kilicho kipya. Kwa kawaida hunywea ndani ya siku moja au mbili. Lakini tazama pua. Farasi hapumui kwa mdomo, kwa hiyo pua zikivimba au akikoroma, mwite daktari saa hiyohiyo.

Ng'ombe wetu walipata ugonjwa wa mapele ya ngozi. Sasa punda naye ana vinundu. Ameambukizwa na ng'ombe? Nimuogeshe dawa ya josho? (Manyara)

Hapana kwa yote mawili. Kirusi kile ni cha ng'ombe na jamaa zake, punda hakimpati. Tafuta kupe kwanza, kwani mahali alipouma hubaki kinundu kigumu kwa wiki kadhaa. Dawa ya josho ndiyo inayonitia hofu zaidi: nyingi zina amitrazi, kemikali ya kuua kupe, na amitrazi humsimamisha utumbo farasi au punda mpaka akavimbiwa na kufa. Soma kibandiko cha chupa.

Ila vinundu vikijipanga mguuni kama shanga na kupasuka usaha, mtenge na umwite afisa mifugo. Maradhi ya namna hiyo huwasumbua sana farasi wa mikokoteni kule Ethiopia, na si ya kubahatisha.

Uvimbe wa moto chini ya taya, kamasi nzito, hali chakula. (Nakuru)

Mpime joto. Kawaida ya farasi ni kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, likipita 39 pamoja na dalili hizo, nashuku jipu la tezi linaloletwa na bakteria, na linaambukiza farasi wenzake vibaya sana. Mtenge leo, awe na ndoo yake na mtu wake wa kumhudumia. Kanda kwa maji ya moto. Kutumbua mwachie daktari. Akipona asirudi haraka kundini, maana wengine huendelea kumwaga vijidudu kwa wiki kadhaa.

Vinundu vidogo vigumu mgongoni, mahali pa tandiko. Haviumi, manyoya yapo. (Nanyuki)

Viache. Kagua tandiko.