Msitu wa kijiji unaweza kulisha mtambo wa umeme wa megawati 1?

SWALI: Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, wilaya ya Tunduru. Tuna msitu wa hifadhi wa kijiji, hekta 1,800, miombo. Amekuja mwekezaji anayetaka kutujengea mtambo wa umeme wa kuni wa megawati 1 ili umeme tuuze TANESCO. Anasema msitu una tani 90,000 za kuni na mtambo utakula tani 3,000 kwa mwaka, kwa hiyo kuni zitatosha miaka 30, na ikifika hapo miti iliyokatwa mwaka wa kwanza itakuwa imekomaa tena. Anasema boila yake inachoma hata kuni mbichi. Anataka tuchangie shilingi milioni 12 za upembuzi yakinifu. Hesabu yake iko sawa?

JIBU: Ndugu Katibu, kugawanya amegawanya vizuri. Tatizo ni namba alizogawanya.

Tuanze na hizo tani 3,000. Megawati 1 ikifanya kazi saa 7,000 kwa mwaka inatoa uniti milioni 7. Ukizigawa tani zake kwa uniti hizo, unaona anadai kila uniti itahitaji kilo 0.43 tu za kuni. Ili namba hiyo itoke, lazima mambo mawili yawe kweli kwa pamoja: kuni ziwe zimekaushwa kwenye oveni ya maabara hadi zisibaki na tone la maji (hapo ndipo kilo moja hutoa megajuli 19, yaani vipimo 19 vya joto), na mtambo ugeuze asilimia 44 ya joto hilo kuwa umeme. Mitambo mikubwa ya Ulaya inayochoma kuni inahangaika kuikaribia asilimia 40. Mtambo mdogo wa mvuke, wa ukubwa mnaouzungumzia, ukifika asilimia 18 mshukuruni fundi. Na kuni zilizokaushwa vizuri kwa jua na upepo bado zina maji ya asilimia 15 hadi 20, hivyo kilo moja inatoa kama megajuli 15. Rudia hesabu kwa namba hizo: kila uniti inataka kilo 1.3, na mwaka mzima unataka tani 9,300 hivi. Mara tatu ya alichowaambia.

Tani 90,000 nazo zina maneno. Tani 50 kwa hekta kwenye miombo si uongo wa kushangaza, lakini humo amehesabu kila kitu: mininga na mipingo ambayo hakuna mwenye akili anayeitia kwenye boila, miti ya kando ya mito, na iliyo kwenye miteremko mikali. Mpango wenu wa usimamizi wa msitu, kama ulifanywa sawasawa, unakataza kukata maeneo hayo. Tuseme mnabaki na hekta 1,200 za kuvuna. Hizo ni tani 60,000. Kwa mtambo unaokula tani 9,300, msitu unaisha katika miaka sita na nusu.

Sasa nije kwenye hoja ambayo ndiyo hasa imenifanya nijibu barua yako. Kila anayekuja na mtambo wa kuni, mashine ya mkaa wa kubana au jenereta la gesi ya kuni anasema neno hilohilo: miti inaota tena. Ndiyo, inaota. Mtondoro na miyombo mingine huchipua vizuri mno kutoka kwenye visiki na mizizi, na anayewaambia kwamba miombo ikikatwa imekufa hajui msitu. Lakini kuota si jibu. Swali ni inaota kwa kasi gani, na boila inakula kwa kasi gani. Msitu wa miombo ulio katika hali nzuri huongeza takriban tani 1 hadi 2 za kuni kavu kwa hekta kwa mwaka. Hekta zenu 1,200 zinawapa kati ya tani 1,200 na 2,400. Hayo ndiyo mavuno yenu, na kila tani mtakayochukua juu ya hapo mnachukua mtaji. Miaka sita na nusu ikiisha, machipukizi ya mwaka wa kwanza yatakuwa fito. Mtazikata hizo fito, kwa sababu benki haingoji mti unenepe na mkataba wa umeme una kiwango cha kutimiza.

Nina hakika mtaniuliza: mbona Kilosa wanakata? Wanakata, na wanakata kwa adabu. Katika mradi wa mkaa endelevu ulioanza mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu tu ya msitu kwa ajili ya mkaa, vikaigawa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kurukaruka ili kipande kilichokatwa kizungukwe na kilichosimama. Mzunguko ni miaka 24. Maana yake kila mwaka wanagusa sehemu moja kati ya 24 ya eneo la mkaa, kisha kipande kilichovunwa kinaachwa, hakilimwi. Hapo pa kutolima ndipo penye kazi. Msitu wetu mwingi unapotea kwa jembe kuliko kwa shoka, na shamba likishaingia hakuna kisiki kitakachochipua. Moto wa mwisho wa kiangazi nao ukipita juu ya machipukizi machanga, mmerudi mwanzo.

Kuhusu kuni mbichi nitasema kwa kifupi kwa sababu naona haya kulijadili. Kuni iliyokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kuchemsha maji hayo hadi yaishe kunakula joto ambalo lingetoa umeme, na kilo moja inabaki na kama megajuli 8. Uniti moja sasa inataka kilo mbili na nusu au zaidi. Boila inayochoma kuni mbichi ipo, na ukiilazimisha inachoma hata majani, lakini mafuta ya lori mnalipa nyinyi kwa kusafirisha maji kutoka msituni. Pasua, panga juu ya vigogo zisiguse ardhi, ziache kiangazi chote. Hakuna dawa ya kumwagia wala boila ya ajabu itakayoondoa hatua hiyo.

Kosa hili la kuhesabu miti iliyosimama badala ya kinachoongezeka si la mwekezaji wenu peke yake. Linafanywa na watu wenye tai, kwenye kumbi zenye viyoyozi. Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, iliyotolewa mwaka 2015, ilionyesha kwamba Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu. Namba hiyo kila mtu anaikumbuka. Nimeisikia ikitajwa kama ushahidi kwamba nchi inaweza kuendesha viwanda na kujaza gridi kwa kuni. Ripoti hiyohiyo ina namba nyingine ambayo haisemwi: kinachoweza kuvunwa kwa mwaka bila kula mtaji ni mita za ujazo milioni 42.8, na nchi ilikuwa ikitumia milioni 62.3. Upungufu wa milioni 19.5 kila mwaka, kabla mtu hajawasha boila hata moja mpya. Na sehemu kubwa ya hizo hekta ni hifadhi ambako hakuna ruhusa ya kuvuna.

Wapo watakaosema basi tupige marufuku. Mkaa ulipigwa marufuku mwaka 2006; bei ikapanda, watu wakaendelea kupika kwa mkaa, na marufuku haikudumu. Mkakati wa sasa wa nishati safi ya kupikia unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ifikapo mwaka 2034, na naunga mkono. Ila watu wakihamia gesi na umeme halafu kuni walizoziacha tukazipeleka kwenye mitambo ya umeme, msitu hautajua tofauti.

Umeme wa kuni unaofanya kazi upo, tena hapahapa nchini. Kampuni ya miwati ya TANWAT kule Njombe wamekuwa wakizalisha umeme kwa kuni tangu miaka ya 1990, mtambo wa megawati 2 na ushee. Tazama wana nini: mashamba yao wenyewe ya miwati na mikaratusi, magogo yaliyokwisha kubanduliwa magome ya tanini (dawa ya kutengenezea ngozi), mabanzi na maranda kutoka kiwandani, na kiwanda kinachohitaji mvuke kila siku. Kuni zimeshafika mlangoni kwa shughuli nyingine, na joto linalobaki baada ya umeme lina kazi. Ukiondoa hayo yote, ukabaki na msitu wa asili, barabara ya vumbi na mnunuzi mmoja wa umeme, umebaki na hesabu ya mwekezaji wenu.

Kwa hiyo, mwambieni alete kwa maandishi unyevu wa kuni aliotumia katika hesabu, ufanisi wa mtambo uliothibitishwa na mtengenezaji, na anwani ya mtambo wa aina hiyohiyo uliofanya kazi walau miaka mitatu, mkautembelee. Mpelekeeni afisa misitu wa wilaya namba hizo pamoja na mpango wenu wa uvunaji. Jambo hili lipelekwe mkutano mkuu wa kijiji. Serikali ya kijiji isisaini ikiwa peke yake usiku. Kama mnataka kipato, ulizeni kwanza bei ya mpingo na mninga uliovunwa kihalali, halafu mlinganishe na thamani ya mti huohuo ukiwa majivu.

Zile milioni 12 msilipe. Mwekezaji anayeamini mradi wake hulipia upembuzi mwenyewe.